Herufi Tatu Zilizofuta Mechi ya Mia

Sehemu ya saba

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, na kwa aliyelisoma akadhani natania: mimi ni Orville Pruitt, mpanga ratiba wa timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kudaka kwa mikono, ya Chuo Kikuu cha Wexley, hapa Arkansas, na ni mimi niliyeifuta mechi yetu na Hadley. Si ligi. Si televisheni. Ni mimi, kwa kidole gumba kilichopakaa sukari ya keki.

Ilikuwa hivi. Ligi yetu ya Mito Mitano ilikuwa na vyuo kumi. Mwaka huu imevimba hadi vyuo kumi na sita, na vingine viko pwani ya Pasifiki, ambako hakuna hata mto mmoja kati ya ile mitano unaofika. Timu zikishafika kumi na sita huwezi tena kucheza na kila mtu. Kwa hiyo kila chuo kiliambiwa kitaje mpinzani mmoja wa kudumu, ambaye kitakutana naye kila mwaka kwa miaka minane. Wengine watakuja kwa zamu.

Mpinzani wetu hata mtoto mchanga wa Wexley anamjua. Ni Hadley, maili arobaini kutoka hapa. Sisi ni Kambare, wao ni Mabeberu, yaani mbuzi dume, na tumeshapambana mara tisini na tisa. Anayeshinda anachukua Kikaango, ambacho ni kikaango kweli, cha chuma, kizito kama mtoto wa miaka miwili. Kesho yake mshindi anakaanga ndani yake, na meya wa mji ulioshindwa anakula mbele ya watu, akiwa amesimama, bila chumvi. Kikaango kiko Hadley mwaka wa tisa sasa. Meya wetu siku hizi anakula amesimama hata nyumbani kwake.

Kwenye fomu niliandika HTU. Hizo ndizo herufi za Hadley tangu nizaliwe. Sikusoma ukurasa wa kumi na nne wa barua ya ligi, uliosema kwamba kuanzia sasa HTU ni Harbor Tech, wale wageni wa Pasifiki, na Hadley wamepewa HDL. Nilikuwa kwenye duka la keki na mchumba wangu Nadine, tunaonja keki za harusi, na fomu ilikuwa inafungwa saa sita mchana. Simu ikakataa nenosiri langu. Nikaingia kwa la bosi, kama tunavyofanya wote ofisini, nikabonyeza, nikarudi kwenye keki ya limau.

Ratiba ilipotangazwa kwenye televisheni, mji mzima ulikuwa umejazana mgahawani kwa Earlene. Wote waliona kwa macho yao. Mpinzani wa kudumu wa Kambare ni Fisi-maji wa Harbor Tech. Hadley tutaonana nao baada ya miaka minne.

Hapo ndipo nilipokomea wiki jana.

Sasa, mtu wa kwanza kufungua kinywa mle mgahawani alikuwa Mzee Hollis Barfield, baba yake Nadine, mwenye duka la misumari na mabati.

"Fisi-maji anakula nini?" akauliza.

Mtu akamjibu kwamba anakula samaki.

"Nilijua tu," akasema, akavaa kofia yake, akatoka bila kumaliza chai.

Ili mjue uzito wa jambo hili lazima niwaeleze kuhusu huyu mzee. Mwaka 1979 alikuwa mchezaji wa Kambare. Sekunde ya mwisho dhidi ya Hadley mpira ulimjia mikononi, peke yake, hakuna mtu karibu, na ukamponyoka. Tangu siku hiyo hajakanyaga nyasi za uwanja wetu. Mechi haimpiti hata moja, lakini anakaa juu kabisa, safu ya mwisho, kama mtu aliyekatazwa kushuka.

Mwaka huu chuo kilimchagua yeye arushe sarafu kwenye mechi ya mia. Alipopewa habari alikwenda kununua viatu, na tangu mwezi wa tatu anavivaa dukani kila siku ili vimzoee.

Hivyo ndivyo viatu nilivyovikanyaga mimi.

Hadley nao hawakulala. Wao kwenye fomu yao walitujaza sisi, lakini kanuni ni kwamba lazima wote wawili mtajane, isipokuwa wageni kama Harbor Tech, ambao hupewa yeyote atakayewataja. Kwa hiyo walijua tumewakataa. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na bango barabara kuu lenye maandishi makubwa: KAMBARE WAMEKIMBIA KIKAANGO. Mchana tukakuta dumu la mafuta ya kupikia kwenye lango la chuo, na kikaratasi: "Mmesahau hii."

Mji wetu haukuliamini bango, ukailaani ligi. Mchungaji aliitaja kwenye maombi. Earlene alikataa kumhudumia dereva wa lori mwenye namba za gari za huko pwani, mpaka alipoapa kwamba hajui mpira ni nini. Na mimi, ndugu msomaji, nilikaa pale pale kaunta nikitikisa kichwa na kusikitika na wenzangu. Nilisema pesa za televisheni zimewaharibu watu. Nilisema kwa uchungu, na watu wakaniunga mkono.

Siku hiyo hiyo Mzee Hollis akaunda kamati. Yeye hakuamini kwamba ligi ingefanya kitu kama hiki bila mtu kuisaidia. Alisema kuna mtu amejaza fomu, na mtu ana jina, na jina linaweza kupatikana. Kamati ikahitaji katibu. Wakataka mtu mwenye mwandiko mzuri, anayeijua ligi, na mwaminifu.

"Orville," akasema Mzee Hollis, akaniwekea mkono begani. "Mkwe, kazi hii ni yako."

Kazi yangu ya kwanza ikawa kuiandikia ligi barua kuomba nakala ya fomu, yenye jina la aliyejaza, na siku na saa. Niliandika barua nzuri sana. Niliisoma mbele ya kamati wakapiga makofi. Kisha nikaenda nayo ofisini, nikaizika kwenye droo ya chini kabisa, chini ya ratiba za zamani za mpira wa wavu wa wasichana, nikafunga.

Nilijiambia nina muda. Nikiirudisha mechi kabla jina halijajulikana, nani atajali tena ni nani aliyeifuta?

Nikaanza kwa kupiga simu ligi. Nikamwambia kijana wa huko, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya rafiki, kwamba labda kuna chuo kimekosea herufi. Akanijibu kwa upole kwamba miaka minane ya Kambare na Fisi-maji imeshauzwa kwa televisheni, na matangazo yameshaanza kurekodiwa. Kuna hata mchoro wa fisi-maji ameshika uma.

Ikabaki njia moja: kucheza na Hadley nje ya ligi, kwa makubaliano yetu wenyewe. Na kwa hilo nilihitaji kuongea na Bi. Maudie Oakes.

Bi. Maudie anapanga ratiba ya Hadley mwaka wa thelathini na moja sasa. Hana imani na kompyuta. Ana ubao ukutani na vibanio vya nguo, kila timu na rangi yake. Nilipiga simu, nikaanza hotuba yangu kuhusu ligi na unyama wake. Aliniacha nimalize.

"Orville mwanangu," akasema, "uliandika HTU."

Nikausukuma mlango wa ofisi kwa mguu ukafungwa.

"Hata mimi nilikaribia kukosea. Ukurasa wa kumi na nne. Nimeusoma kwa sababu mume wangu alikuwa kwa daktari wa meno na pale hapakuwa na gazeti."

Nikamuuliza kama amemwambia mtu. Akasema hajamwambia mtu, maana watu wake wanafurahia sana lile bango na hataki kuwaharibia. Kisha akaniambia nikae chini, nichukue kalamu, tuanze kazi.

Bahati tulikuwa nayo, tena bahati ya ajabu. Kila mwaka vyuo vyetu vyote viwili hucheza nje ya ligi na chuo kidogo cha Saint Odile. Lakini katika huku kuvimba, ligi ilikuwa imewameza Saint Odile nao. Huwezi kucheza nje ya ligi na mtu aliye ndani ya ligi. Kwa hiyo mikataba yao ilikufa, na kila mmoja wetu alibaki na nafasi moja wazi. Ligi iliyotuvunjia nyumba ilikuwa imesahau dirisha wazi.

"Nitajie Jumamosi zako zilizo tupu," akasema Bi. Maudie.

"Tarehe kumi na tisa mwezi wa tisa."

"Hiyo sisi tuko Nebraska. Nyingine."

Nyingine niliijua. Ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu kwenye kalenda mbele yangu, na pembeni yake Nadine alikuwa amechora moyo.

"Bi. Maudie, hebu wewe nitajie zako kwanza."

"Mwezi wa kumi na moja tarehe saba."

"Hiyo tuko kwa Fisi-maji."

"Basi imebaki moja tu, mwanangu. Mwezi wa kumi, tarehe kumi na saba. Wewe unayo?"

Mjini kwetu watu hawafungi ndoa Jumamosi ya mechi. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini Gaines na mkewe walijaribu mwaka 1998, wakapata wageni kumi na mmoja, na mchungaji alikuwa na redio sikioni. Alisema amina kabla bwana harusi hajajibu. Mpaka leo hawajui kama aliwaombea wao au alishangilia bao. Kwa hiyo mtu akitaka kuoa msimu wa mpira, anatafuta ile Jumamosi ambayo timu inapumzika. Na mchumba wa mpanga ratiba hana haja ya kubahatisha. Mimi mwenyewe nilisimama jikoni kwa mama yake Nadine, nikaweka mkono juu ya friji, nikaapa kwamba tarehe kumi na saba haitakuwa na mechi hata mbingu zishuke.

Kadi mia nne zilikuwa zimeshakwenda. Bibi yake Nadine anakuja kutoka Tulsa, jimbo jirani.

"Orville?" akaita Bi. Maudie. "Unayo au huna?"

"Ninayo," nikasema.

Akaniambia ligi inataka jibu kabla ya saa sita mchana Ijumaa, yaani kesho yake. Nikakata simu, nikaingia kwenye gari, nikaenda kumtafuta Nadine.

Nadine ni daktari wa mifugo. Nilimkuta kwenye zizi la Hargis, mkono umezama ndani ya ng'ombe mpaka begani, shavu limelalia kiuno cha mnyama, amefumba macho. Nikaona si wakati wake. Nikageuka niondoke.

"Sema tu," akasema bila kufumbua macho. "Mkono mmoja bado ninao."

"Nimepata njia ya kuirudisha mechi."

Alifumbua macho. Alitabasamu kwa namna ambayo, kama ningekuwa mwanaume wa maana, ningemwambia kila kitu palepale.

"Lini?"

"Tarehe kumi na saba."

"Ya mwezi gani?"

"Wa kumi."

Ng'ombe aligeuza shingo akanitazama. Nadine hakunitazama.

"Orville, ulisimama jikoni kwa mama."

"Nilisimama."

"Ulishika friji."

"Nilishika."

"Haya. Mechi ni saa ngapi? Ikiwa ya jioni tunafunga ndoa asubuhi. Ikiwa ya asubuhi tunafunga jioni. Siyo mwisho wa dunia."

Hapo ndipo nilipolazimika kumweleza jambo ambalo kila mpanga ratiba analijua na bibi harusi hapaswi kulijua. Saa ya mechi hatuipangi sisi. Televisheni inachagua, na inachagua siku kumi na mbili kabla. Inaweza kuwa saa tano asubuhi, saa nane na nusu mchana, au saa kumi na mbili jioni. Mpaka siku kumi na mbili kabla ya harusi yake, hakuna binadamu atakayejua.

"Kwa hiyo televisheni ndiyo itakayoniambia saa ya kuolewa."

"Kwa kifupi, ndiyo."

Alichomoa mkono. Akavua glavu ndefu, akanawa polepole kwenye ndoo, akajifuta. Nilikuwa nahesabu misumari kwenye mlango wa zizi. Nilifika thelathini na nne.

"Jana nilipita dukani kwa baba," akasema. "Nimemkuta anatembea kwenye rafu za rangi na vile viatu vyake, anahesabu. Nikamuuliza anahesabu nini. Akasema kutoka pembeni mpaka katikati ya uwanja ni hatua ishirini na saba, hataki ajikwae. Nikamwambia, baba, mechi imefutwa. Akasema anajua. Akaendelea kutembea."

Niliacha kuhesabu misumari.

"Chukua hiyo tarehe," akasema Nadine.

"Na harusi?"

"Tutafungia uwanjani, wakati wa mapumziko. Dakika ishirini zinatosha. Mchungaji akizidisha, refa atampigia filimbi. Bibi wa Tulsa anapenda matarumbeta." Akacheka, nami nikacheka, na nilimpenda mwanamke huyu mpaka kifua kikauma. Kisha akaacha kucheka.

"Ila nina sharti moja, Orville. Huyo mtu aliyejaza ile fomu, kamati ikimpata, awe nani awe nani, asikanyage harusi yangu."

Ng'ombe akanitazama tena.

"Sawa," nikasema.

Najua mnachosema hapo mlipo. Mnasema, mjinga wewe, ungesema. Nami nawaambia, simameni ninyi mbele ya mwanamke aliyetoka kuwapa harusi yake kwa ajili ya baba yake, halafu mseme. Mimi nilishindwa. Nilimbusu kwenye paji la uso, alikuwa ananuka dawa na majani makavu, nikaondoka.

Ijumaa mambo yalikwenda kama maji. Bosi wangu, Bev Stallworth, mkurugenzi wa michezo, alisaini bila kukaa. Bev ni mwanamke mrefu, anaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea viwanja, na katika miaka sita sijawahi kumsikia akimsema mtu vibaya, hata refa. Aliniita shujaa. Bi. Maudie alisaini upande wake. Saa tano na nusu ligi ikakubali. Saa sita kengele ya chuo ikalia mara mia moja, maana mlinzi alisisitiza iwe mia kamili, na alipopotea hesabu alianza upya.

Bango la Hadley likashushwa. Likapandishwa jingine: MAFUTA YANACHEMKA. Hapo tukajua tumerudiana.

Na mimi, kwa siku tano, nilikuwa mtu mkubwa Wexley. Kwa Earlene sikulipia mayai. Watu walinipungia mikono barabarani. Meya aliniambia machozi yakimlengalenga kwamba mwaka huu huenda akala amekaa. Nilianza kuamini kwamba lile kosa halikuwa langu, lilikuwa la mtu fulani wa zamani, na huyo mtu ameshahama mji.

Jumatano ikaitishwa sherehe kwenye ukumbi wa kanisa. Kulikuwa na pai za njugu za pekani meza nzima. Mzee Hollis alikuja na vile viatu, vimepigwa rangi. Alinikumbatia mbele ya watu, mtu ambaye hata binti yake anampa mkono. Alisema, "Mkwe, umenirudisha uwanjani," kisha akajifanya anakohoa.

Nikaenda kwenye pai. Bev alikuwa pale, sahani mkononi, mchangamfu.

"Pruitt," akaninong'oneza, na kunong'ona kwa Bev kunasikika mpaka jikoni. "Una deni langu la shukrani. Wiki jana natafuta zile ratiba za zamani za wasichana wa wavu, maana sasa na wao wanataka wapelekwe mpaka Pasifiki na sijui watalala wapi. Nikaikuta barua ya kamati kwenye droo yako. Imeandikwa, imesainiwa, haijatumwa. Kazi zimekuzidi, maskini. Nimeituma mimi. Nimelipia ya haraka."

Nikairudisha pai yangu mezani.

Mzee Hollis alikuwa ameshasimama mbele. Aligonga glasi kwa kijiko. Alisema mechi imerudi, na tunamshukuru Mungu na Orville, kwa mpangilio huo. Lakini kamati haijamaliza kazi yake. Akaingiza mkono kwenye koti akatoa bahasha yenye muhuri wa Mito Mitano.

"Imefika leo," akasema. "Imeandikwa jina la katibu, kwa hiyo sikuifungua. Mimi si mtu wa kufungua barua ya mwenzangu. Katibu, njoo usome. Soma kwa sauti, na wa nyuma wasikie."

Nilikwenda mbele. Watu walinipigia makofi tena, na kila kofi liliniingia kwenye mbavu. Nikachana bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, nakala ya fomu. Macho yangu yalikimbilia mstari wa chini, kwenye jina la aliyejaza.

Jina halikuwa langu.

Nililisoma mara mbili, mara tatu. Beverly A. Stallworth. Nenosiri la bosi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kompyuta ya ligi haijui kidole ni cha nani, inajua tu mlango aliopitia mtu.

Nisiwafiche. Jambo la kwanza nililohisi halikuwa aibu. Ilikuwa raha, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana. Kisha nikainua macho, nikamwona Bev safu ya mbele, ana kipande cha pekani kidevuni, ananitikisia kichwa kunitia moyo.

Nikaamua kununua muda. Nikaanza juu.

"Chuo: Wexley," nikasoma. "Mpinzani wa kudumu: HTU."

Ukumbi ukaguna. Mtu mmoja nyuma akaeleza wenzake kwamba HTU si ndiyo Hadley, mwingine akasema siyo tena, na ikachukua dakika nzima kuelewana. Ilipoeleweka, wakajua kwamba haikuwa ligi. Ilikuwa mmoja wetu.

"Endelea," akasema Mzee Hollis. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Imejazwa tarehe nne mwezi wa nne," nikasoma, maana tarehe na saa nilidhani hazina madhara. "Saa nne na dakika arobaini asubuhi."

"Tarehe nne mwezi wa nne?"

Sauti ilitoka mlangoni. Nadine alikuwa ameingia, bado na mabuti ya kazi, kapu la maua ya mfano wa harusi mkononi. Alikuwa anatabasamu bado, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo zuri.

"Hiyo ni ile Jumamosi ya keki," akasema, akiniambia mimi, mbele ya wote. "Si unakumbuka? Ulikuwa unabonyeza simu, nikakwambia weka chini, ukasema dakika moja, ni kazi. Sukari ilikujaa kidoleni, nikakufuta mimi mwenyewe."

Akasimama hapo hapo. Niliona tabasamu likimtoka usoni kidogo kidogo, na jambo jingine likiingia mahali pake. Hakuna mwingine ukumbini aliyeelewa. Mzee Hollis alidhani binti yake anazungumza habari za harusi tu, akampungia mkono atulie.

"Jina, mkwe," akasema. "Tupe jina tumalize."

Watu mia mbili walivuta viti mbele. Bev aliweka sahani yake chini ili asikie vizuri.

"Lisome, Orville," akasema Nadine polepole.

Karatasi ilikuwa na jina la Bev. Nadine alikuwa anangoja la kwangu. Nikafungua kinywa.